Shughuli kati ya Kazi na Sherehe: Uhakiki wa Dhana ya Mdundo wa Maisha katika Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Dar es Salaam anapowaambia majirani kwamba Jumamosi ana shughuli, hawawezi kujua kwa neno hilo pekee iwapo atakuwa kazini au harusini. Maana ya msingi ya shughuli ni kazi au jambo linalomshika mtu asipate nafasi ya jambo jingine. Matumizi ya mjini yameipa neno hilo maana ya pili, yaani hafla ya harusi, ya unyago, ya maulidi au ya kumtoa mtoto. Maana zote mbili zinaishi pamoja bila kugombana, na msemo "shughuli ni watu" huweza kutumika kwa zote mbili: kazi kubwa haifanyiki bila mikono mingi, na sherehe isiyo na watu si sherehe.

Makala haya yanauchukulia utata huo wa maana kuwa ushahidi wa kinadharia. Uchambuzi mwingi wa maisha ya miji mikubwa umejengwa juu ya mgawanyo wa mapigo mawili: pigo la kazi, ambalo ni la kila siku, la saa na la kulazimishwa, na pigo la sherehe, ambalo ni la mara chache, la hiari na la kuikatiza kazi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mgawanyo huo hauelezi ipasavyo Dar es Salaam. Katika jiji hili sherehe haiji baada ya kazi. Ni kazi nyingine yenye ratiba, viongozi, ahadi na madeni yake, na kwa upande wake kazi ya mshahara imewahi kuimiliki na kuiendesha sherehe. Suala hili si la istilahi tu. Pale ambapo sherehe imefasiriwa kuwa kinyume cha kazi, wanaosherehekea wamefasiriwa kuwa wavivu, na historia ya jiji inaonesha kwamba fasiri hiyo imekuwa na matokeo kwa watu halisi.

2.0 Mdundo katika Nadharia

Mwanafalsafa wa Kifaransa Henri Lefebvre ndiye aliyelipa suala la midundo ya jiji umbo la nadharia. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kifo chake, anapendekeza taaluma ya kuisikiliza miji kama mtu asikilizavyo muziki. Kipimo cha kwanza cha msikilizaji huyo ni mwili wake mwenyewe: mapigo ya moyo, pumzi, njaa na usingizi. Akiwa dirishani mjini Paris, anasikia magari yakisimama na kuondoka kwa amri ya taa, na nyayo za wapita njia zikijaza nafasi iliyoachwa. Anatofautisha midundo ya mzunguko, ambayo hutokana na mchana na usiku, majira na mahitaji ya mwili, na midundo mfululizo, ambayo hutokana na kazi, mashine na safari za kwenda na kurudi. Midundo hiyo inapopatana, jiji lina afya; inapokosana, jiji linaugua.

Ni haki kukiri kwamba Lefebvre hakuitenga sherehe na maisha ya kila siku kwa namna rahisi. Katika kazi yake ya mwaka 1947 kuhusu maisha ya kila siku alieleza kwamba sherehe za wakulima wa zamani zilitofautiana vikali na siku za kawaida, lakini hazikuwa zimetengana nazo. Kwake, utengano ni zao la jiji la kisasa na la ubepari. Ndiyo maana aliiona Komuni ya Paris ya mwaka 1871 kuwa ni sherehe iliyorudi mjini kwa njia ya mapinduzi. Tatizo la hoja yake kwa mtafiti wa Afrika Mashariki liko katika mpangilio wa historia: umoja wa kazi na sherehe umewekwa kijijini na zamani, na utengano umewekwa mjini na sasa. Dar es Salaam hailingani na mpangilio huo.

Mikhail Bakhtin, katika utafiti wake kuhusu Rabelais uliochapishwa mwaka 1965, anaitazama karnivali kuwa maisha ya pili ya umma, ambamo ngazi za cheo husimamishwa kwa muda na mkubwa hulingana na mdogo. Wahakiki wa fasihi simulizi wamevutiwa na wazo hilo wanapochambua ngoma na mipasho. Hata hivyo, mtu yeyote aliyekaa katika ukumbi wa harusi wa Dar es Salaam anajua kwamba ngazi hazisimamishwi. Zinahesabiwa. Meza kuu ina wenyewe, sare ya kitambaa inawatambulisha ndugu wa karibu, na kiasi cha mchango huamua kama mtu ataingia mwenyewe au na mwenzake. Karnivali ya Bakhtin inafuta daftari. Shughuli ya Dar es Salaam inafungua daftari.

Mwanahistoria E. P. Thompson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1967, alionesha jinsi viwanda vya Uingereza vilivyowahamisha watu kutoka muda unaopimwa kwa kazi iliyopo hadi muda unaopimwa kwa saa. John Mbiti, mwaka 1969, aliyachukua maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuwa mihimili ya falsafa ya Kiafrika ya muda, na akadai kwamba wakati ujao wa mbali hauna nafasi kubwa katika fikra za jadi. Madai yote mawili yanaonekana kuwa finyu yakikabiliwa na kamati ya harusi inayokutana miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, ikapanga bajeti na tarehe za mwisho za kukamilisha ahadi. Kamati hiyo inahesabu wakati ujao kwa ukali wa kiwanda, ingawa hakuna kiwanda.

3.0 Hesabu ya Muda katika Kiswahili

Kabla ya kutumia nadharia ya nje ni busara kuuliza lugha yenyewe inahesabu muda namna gani. Saa za Kiswahili hufuata jua. Saa moja asubuhi huja baada ya mapambazuko, na saa moja usiku huja baada ya machweo. Kwa kuwa Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana kati ya msimu na msimu, na hesabu hiyo inasimama mwaka mzima. Kwa istilahi za Lefebvre, saa ya mzunguko na saa ya mfululizo hapa ni saa moja ileile: mfanyakazi anayewahi zamu anatumia hesabu iliyofungwa kwenye jua.

Majina ya siku yana mafunzo zaidi. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na kwa hesabu hiyo Jumatano ni ya tano. Siku inayofuata ni Alhamisi, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha tena ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Juma la Kiswahili, kwa hiyo, lina siku mbili za tano, yaani limebeba hesabu mbili kwa pamoja bila kuilazimisha moja kuifuta nyingine. La muhimu zaidi ni mahali hesabu inapoanzia. Neno juma linatokana na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Wiki imepewa jina la mkusanyiko na inahesabiwa kuanzia mkusanyiko ulipokwisha. Ofisi ilipokuja na wiki yake, Jumatatu, ambayo jina lake linasema ni ya tatu, ikawa ya kwanza ya kazi. Mkazi wa jiji anaishi katika hesabu zote mbili kila siku, na haimpi shida.

Usiku nao una nafasi ya pekee. Kwa desturi ya pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Magazeti ya leo yameihifadhi mantiki hiyo katika maneno "usiku wa kuamkia". Usiku hutajwa kwa asubuhi unayoielekea. Mkesha wa harusi haufikiriwi kuwa mkia wa siku ya kazi iliyochosha. Unafikiriwa kuwa kichwa cha siku ya shughuli.

Juu ya juma kuna mwaka, ambao pia una hesabu zaidi ya moja. Waislamu hupunguza au husimamisha harusi za shangwe katika Ramadhani, na siku za mwisho za Shaaban huwa na vunja jungu, yaani ulaji wa kuaga kabla ya mfungo. Wakristo wa madhehebu mengi huepuka harusi katika Kwaresima. Mwaka wa mwandamo wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani huhama polepole ikipita katika mihula ya shule na misimu ya mvua. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, mwanzoni mwa Machi. Jiji lenye kalenda za namna hiyo halina pigo moja la sherehe linaloweza kuwekwa upande mmoja na pigo moja la kazi upande wa pili. Lina makubaliano ya kila mwaka kati ya imani, mshahara na shule.

4.0 Kazi Inapoiajiri Sherehe

Historia ya muziki wa dansi inatoa ushahidi wa wazi kwamba mdundo wa kazi na mdundo wa starehe vimewahi kuwa na mwajiri mmoja. Bendi za awali, kama Dar es Salaam Jazz Band ya miaka ya 1930, zilikuwa vilabu vya wapenzi wa muziki. Baada ya uhuru hali ilibadilika. NUTA Jazz Band iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha taifa, ambacho nacho kilianzishwa mwaka huo, na jina la bendi likabadilika kila chama kilipobadilika: NUTA, JUWATA, OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam na kujulikana kwa jina la DDC Mlimani Park.

Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa. Alilipwa mshahara, alikuwa na ratiba ya maonesho, na vyombo alivyopiga vilikuwa mali ya taasisi. Chama kilichokuwa kikisimamia saa za kazi za wafanyakazi mchana ndicho kilichowapigia dansi usiku. Hakuna haja ya kulipamba jambo hili: mwajiri wa namna hiyo alikuwa na masilahi katika kile kilichoimbwa. Hata hivyo, mhakiki anayeanza na wazo kwamba dansi ni upande wa pili wa kazi hawezi kuieleza bendi ya chama cha wafanyakazi.

Kuna jambo la kina zaidi. Mitindo miwili iliyoshindana kwa muda mrefu jijini, Sikinde na Msondo, ilibeba majina ya ngoma za jadi. Taasisi za kisasa kabisa, zenye mhuri na mhasibu, zilijitambulisha kwa majina ya ngoma zilizohusu jando, unyago na makutano ya ukoo. Askew (2002), anapochambua namna taifa lilivyojengwa kwa njia ya maonesho, na Perullo (2011), anapochambua biashara ya muziki jijini, wanaonesha kwa njia tofauti kwamba muziki wa mjini hauwezi kutenganishwa na taasisi zinazouendesha. Makala haya yanaongeza kwamba taasisi hizo nazo haziwezi kutenganishwa na ngoma zilizoziazima majina.

5.0 Sherehe Inapoiajiri Kazi

Upande wa pili wa uhusiano huu unaonekana katika kamati ya harusi. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina kumbukumbu za vikao, orodha ya ahadi na tarehe ya mwisho ya kutoa mchango. Kadi ya mchango humfikia mtu mapema; kadi ya mwaliko humfikia baada ya kutimiza ahadi, nayo huwa ya mtu mmoja au ya watu wawili kulingana na kiasi. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mchango unaweza kulipwa kutoka kwenye kiti cha daladala, na orodha ya waliotoa inaweza kuonekana na wote katika kundi la simu kabla abiria hajashuka. Mwisho wa yote kuna hafla ya kuvunja kamati, ambapo wanakamati hula na kunywa kwa sababu wamemaliza kazi ya kuandaa kula na kunywa.

Kuvunja kamati ni tukio ambalo nadharia ya mapigo mawili haina mahali pa kuliweka. Ni sherehe ya kuhitimisha kazi, lakini kazi yenyewe ilikuwa sherehe. Istilahi zinazozunguka tukio hilo zina sura hiyohiyo. Anayeongoza hafla huitwa mshereheshaji, nomino iliyoundwa kwa kitenzi cha kusababisha: kazi yake ni kuwafanya wengine washerehekee. Wapambaji, wapishi, wapiga picha na wapiga matarumbeta wanaotangulia msafara juu ya gari la wazi wote wanapata riziki siku ambayo wengine wamepumzika.

Mpangilio huu haukuletwa na simu wala na soko huria. Ranger (1975), katika historia yake ya ngoma ya beni, alionesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoenea Afrika Mashariki vikiwa na vyeo vya kuigwa kutoka jeshini na serikalini, vikishindana kwa mavazi na gwaride, na vikisaidiana katika matatizo, yakiwemo maziko. Wachunguzi wengi waliviona kuwa vyama vya kucheza tu. Kwa hakika vilikuwa vyombo vya kuwapatia wageni wa mjini ndugu, cheo na watu wa kuwazika. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ya leo anarithi ofisi hiyo, ingawa havai tena sare ya kijeshi.

Kiswahili kinashuhudia jambo hilihili katika mfumo wa kuweka akiba kwa zamu. Jina lake ni upatu, na wanaoshiriki husemwa kuwa wanacheza. Wengi huuita kwa kifupi mchezo. Upatu pia ni jina la ala ya shaba inayopigwa katika ngoma. Iwapo maneno hayo yana asili moja si jambo la kuamuliwa hapa, na hoja haitegemei jibu lake. Inatosha kuona kwamba mzungumzaji anatumia kitenzi kilekile, kucheza, kwa ngoma, kwa fedha ya zamu, na kwa msichana anayetolewa ndani: mwali huchezwa. Katika matumizi yote matatu kucheza kuna zamu, kuna deni, na kuna fedheha kwa anayepokea asirudishe.

6.0 Singeli na Suala la Kasi

Muziki wa singeli, uliochipuka katika mitaa ya uswahilini kama Manzese na Tandale kutokana na mchiriku na midundo mingine ya pwani, unapiga kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100. Kwa kipimo cha Lefebvre, yaani mwili, singeli iko zaidi ya maradufu ya pigo la asili. Fasiri inayojitokeza haraka ni kwamba kasi hiyo ni kioo cha jiji: Dar es Salaam, iliyohesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, inakimbia, na muziki wake unakimbia nayo.

Fasiri hii inavutia, lakini haikidhi. Siku ya kijana wa uswahilini haina kasi. Ina foleni ya barabarani, foleni ya maji, kusubiri kibarua, na saa nyingi za kijiweni. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016 na wananchi wakayaita mwendokasi, jina ambalo abiria aliyesimama kituoni kwa muda mrefu hulitamka kwa kejeli. Kama singeli ingekuwa kioo cha siku, ingekuwa muziki wa polepole mno. Mhakiki anayesema kwamba muziki wa kasi unaakisi maisha ya kasi amesikiliza muziki bila kuitazama siku.

Ufafanuzi bora unapatikana katika mazingira ya upigaji wake. Singeli ilikua katika kigodoro, yaani mkesha wa mtaani unaoambatana mara nyingi na harusi au kuchezwa kwa mwali. Hapo kasi ina kazi mbili. Kwanza, ni kipimo cha ustahimilivu: anayecheza hadi alfajiri amethibitisha kwamba yupo kwa ajili ya mwenye shughuli. Pili, inampa mghani nafasi ya kutaja. Katika pumzi chache anapitisha majina ya wenyeji, ya marafiki, ya mitaa na ya waliotuza. Kutajwa ni malipo. Katika siku yenye kusubiri kwingi na kutambuliwa kudogo, usiku mmoja ambao jina la mtu linatamkwa kwenye spika mbele ya majirani zake una uzito usiopimwa kwa mapigo ya dakika. Kasi ya singeli, basi, inaeleweka vizuri zaidi ikichukuliwa kuwa jibu kwa siku ya kusubiri.

Taarabu ina mantiki ya aina hiyo kwa mwendo tofauti. Anayenyanyuka kwenda kumtuza mwimbaji hulifanya beti liwe lake na huwaachia waliokaa kazi ya kukisia limemlenga nani. Mwendo wake ni wa taratibu kwa sababu safari ya kutoka kitini hadi jukwaani lazima ionekane. Muziki wa kasi na muziki wa taratibu unatimiza wajibu mmoja wa kijamii, na hilo pekee linatosha kuonesha kwamba kasi peke yake si ufunguo wa mdundo wa jiji.

7.0 Fasihi, Dola na Shutuma ya Uvivu

Fasihi andishi ya Kiswahili kwa muda mrefu imeitazama starehe ya mjini kwa jicho la shaka. Katika riwaya za Euphrase Kezilahabi za miaka ya 1970, zikiwemo Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo, starehe huonekana kuwa njia ya kuporomoka kwa mhusika. Shaka hiyo ina misingi yake ya kimaadili na ya kifalsafa, na haifai kuibeza. Hata hivyo, athari yake kwa uhakiki imekuwa kubwa kupita kiasi. Wanafunzi wengi wa fasihi hufundishwa kuusoma usiku wa mjini kuwa ishara ya upotovu kabla hawajauliza usiku huo unafanya kazi gani. Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute, anatoa mfano tofauti. Katika Ng'ambo ya Unguja, ambako Yasmin anapokewa na Mwajuma, maisha ya starehe na harakati za siri za kisiasa yanashirikiana watu walewale. Anayezitenganisha pande hizo mbili hawezi kuufuata mtiririko wa riwaya.

Dola nayo imekuwa na usomaji wake. Utawala wa kikoloni uliitaka ngoma ya mjini iombewe kibali. Baada ya uhuru, Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza kutekelezwa mwaka 1969, ililenga mavazi na mapambo ya vijana wa mjini, na mwaka huo wa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku. Ivaska (2011) ameonesha jinsi mjadala huo ulivyofungamana na hofu kuhusu wanawake vijana na kazi zao mjini. Mwaka 1983 sheria ya nguvu kazi ilifuatwa na operesheni ya kuwaondoa mjini walioonekana hawana kazi. Katika matukio haya swali la dola lilikuwa lilelile: mtu huyu anafanya kazi gani? Jibu lililotambuliwa lilikuwa la kitambulisho cha mwajiri. Mpishi wa shughuli, kungwi, mpiga ngoma na mwanamke anayeshika fedha ya upatu hawakuwa na kitambulisho hicho, ingawa bila wao mitaa mingi isingeweza kuoza, kuzika wala kukopeshana.

Kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zimeleta lugha mpya, ya vipimo vya sauti, na kwa sababu hiyo zina uadilifu zaidi kuliko lugha ya uzururaji. Mgonjwa na mwanafunzi wa mtihani wana haki ya kulala. Lakini kipimo cha sauti hakiwezi kueleza kwa nini mkesha upo, na marufuku isiyojua jambo inalolikataza huliona likihamia mtaa wa pili.

8.0 Mipaka ya Hoja

Hoja hii ina hatari tatu ambazo lazima zitajwe. Ya kwanza ni kuisifu shughuli kupita kiasi. Kazi ya kuchambua mchele, kukodi masufuria, kupika usiku kucha na kuosha vyombo asubuhi huangukia wanawake zaidi, na mara nyingi hailipwi. Kuiita kazi ni hatua ya kuitambua, lakini pia ni hatua ya kuuliza nani anaifanya na nani anakaa meza kuu. Ya pili ni kusahau wanaobanwa. Mwenye kipato kidogo hupokea kadi za mchango kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na asiyetoa leo anajua kwamba hatatolewa kesho. Shughuli ni bima, ila ni bima inayomtupa nje anayeshindwa kuchangia, ambaye mara nyingi ndiye anayeihitaji zaidi.

Ya tatu ni ya kinadharia. Iwapo kila sherehe itafasiriwa kuwa kazi, raha itapotea katika uchambuzi. Watu hawachezi hadi alfajiri kwa sababu ya hesabu ya mchango peke yake. Kuna kicheko, kuna uzuri wa kanga mpya, kuna mwili uliofurahi kuwa katikati ya miili mingine. Makala haya hayadai kwamba raha ni kazi iliyojificha. Yanadai kwamba katika Dar es Salaam raha haihitaji kazi iondoke ndipo iingie.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba mgawanyo wa mdundo wa kila siku na mdundo wa sherehe, uliorithiwa kutoka nadharia za miji ya Ulaya, hauendani na hesabu ya muda ya Kiswahili, na historia ya bendi za mashirika, na utaratibu wa kamati za harusi wala na mantiki ya singeli. Lefebvre anabaki na manufaa kwa sababu alifundisha kusikiliza. Kinachopaswa kurekebishwa ni mpangilio wake wa historia, unaoliweka jiji katika utengano na kijiji katika umoja. Bakhtin naye anahitaji kusomwa kwa tahadhari pale ambapo sherehe haifuti ngazi bali inazipima.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa fasihi na utamaduni wa mijini wachukue shughuli kuwa dhana ya uchambuzi kwa haki yake, pamoja na utata wake wote, badala ya kuigawa katika kazi na sherehe kabla ya kuichunguza. Utafiti wa namna hiyo utalazimika kuanza mapema kuliko saa ya harusi, katika kikao cha kwanza cha kamati, na kuchelewa kuondoka kuliko wageni, hadi masufuria yanaporudishwa kwa mwenyewe na deni la mchele linapolipwa.